Amir Abdulkadir wa Algeria: Mpiganaji Aliyeketi Mlangoni



Kila anayeingia katika Uislamu, na hata yule ambaye bado anachungulia tu, hukutana mapema na swali moja. Huulizwa na ndugu zake nyumbani, na wenzake kazini, na pengine na mwalimu wake wa zamani wa dini: je, hujui ya kuwa dini hiyo ni dini ya upanga? Wapo wanaouliza kwa shari, lakini wengi huuliza kwa hofu ya kweli, kwa kuwa wamesoma au wamesikia habari za watu waliochinja wenzao huku wakilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Swali la namna hii halijibiwi kwa hasira. Wala haitoshi kusema kwamba hata watu wa dini nyingine wamemwaga damu, maana uchafu wa nyumba ya jirani hauisafishi nyumba yako.

Mimi nimeona, katika kazi yangu ya kufundisha, kwamba mwanafunzi huielewa kanuni ya dini upesi zaidi akiiona ikitenda kazi katika maisha ya mtu kuliko akiisikia ikihojiwa. Kwa hiyo leo nawaleteeni habari za mtu mmoja aliyeshika upanga kwa muda wa miaka kumi na mitano, akaipigania nchi yake dhidi ya dola mojawapo kubwa kabisa ya zama zake, akashindwa, akafungwa. Kisha katika utu uzima wake akayaokoa maisha ya maelfu ya Wakristo. Mtu huyo ni Amir Abdulkadir bin Muhyiddin wa Algeria. Hakuwa mtu asiye na doa, na palipo na doa nitapataja. Lakini yule atakaye kujua upanga unakuwaje mikononi mwa mtu anayemcha Mungu kweli kweli, hawezi kupita bila ya kumtazama.

Alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, magharibi ya Algeria. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, alikuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria, tarika ambayo wenyeji wa Zanzibar, Bagamoyo na Tabora wanaijua vema. Kijana Abdulkadir alihifadhi Kurani Tukufu angali mdogo, akasoma fikihi na lugha, na alipokuwa bado hajatimiza miaka ishirini alifuatana na baba yake kwenda kuhiji Makka, wakapitia Dameski na Baghdad. Yeyote aliyemwona wakati huo angalisema kuwa maisha yake yatakuwa ya kitabu na msala tu.

Mambo yakawa mengine. Mwaka 1827 Dei Hussein, aliyetawala Algiers kwa jina la dola ya Kituruki, aligombana na konseli wa Ufaransa juu ya deni, akampiga kwa mgwisho wake wa kufukuzia nzi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1830, Wafaransa walishusha jeshi lao pwani na kuuteka mji wa Algiers. Sababu za kweli zilikuwa katika siasa za Paris, bali tusi la mgwisho ndilo lililotangazwa. Na taifa zima likaulipa mgwisho mmoja kwa miaka mia na thelathini na miwili! Utawala wa Kituruki ulipoanguka, makabila ya magharibi yalimtaka Sheikh Muhyiddin ayaongoze. Yeye akatoa udhuru wa uzee, akamtaja mwanawe. Basi Novemba 1832, Abdulkadir akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, watu walimpa mikono ya kiapo, akawa Amir wao.

Sitasimulia vita vyake vyote, kwani si makusudi yangu. Itoshe kusema kwamba alifanya suluhu na Wafaransa mara mbili, mwaka 1834 na tena mwaka 1837 kwa mkataba wa Tafna, na katika miaka hiyo ya suluhu alijenga dola: jeshi lenye mishahara na amri, makadhi, viwanda vya silaha, na sarafu yake mwenyewe. Vita vikaanza upya mwishoni mwa mwaka 1839, na safari hii Jenerali Bugeaud alikuja na mpango wa kuwachosha raia badala ya kuwatafuta maaskari peke yao. Mashamba yalichomwa, miti ya matunda ilikatwa, maghala ya nafaka yalifukuliwa, mifugo ikachukuliwa. Kufikia mwaka 1846 Ufaransa ilikuwa na zaidi ya maaskari laki moja katika Algeria.

Katika vita vya namna hiyo, ndugu msomaji, ndipo mtu hujulikana. Mateka wa Kifaransa walikuwa wakiletwa mbele ya Amir. Wao ni watu wa jeshi lile lile lililowachomea ndugu zake maghala. Desturi ya vita vya nchi ile, kwa pande zote mbili, ilikuwa ni kukata vichwa na kuvileta kwa jemadari ili kupata bakshishi. Amir aliipiga marufuku desturi hiyo. Akatangaza zawadi ya fedha kwa kila askari atakayemleta adui aliye hai, na adhabu kwa atakayemtesa mtu aliyekwisha kusalimu amri. Husimuliwa kwamba mmoja wa watu wake alikuja na kichwa cha mateka, akadai zawadi yake kama zamani; aliyoipata ikawa ni viboko.

Mateka walilishwa chakula kile kile walichokula maaskari wa Amir. Wanawake waliotekwa waliwekwa chini ya ulinzi wa mama yake mwenyewe, Bibi Zohra, ambaye hema yake ilikuwa kimbilio lao. Na ilipotokea kwamba chakula hakikutosha, aliwafungua mateka na kuwarudisha kwao bila ya fidia, kwa sababu hakuona kuwa ni halali kumshika mtu usiyeweza kumlisha. Hapa napenda tusimame kidogo. Jemadari wa kawaida, chakula kikimwishia, huwaacha mateka wafe na kusema kwamba vita ni vita. Ni kitu gani kilichomfanya huyu afikiri vingine? Yeye alikuwa amesoma habari za mateka wa Badr, ambao baadhi yao waliwekewa na Mtume Mtukufu s.a.w. fidia ya kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Na alikuwa amesoma maagizo ya Seyidna Abubakar r.a. kwa majeshi yake, ya kutoua wanawake, watoto na wazee, ya kutokata miti yenye matunda, na ya kuwaacha watawa katika nyumba zao. Kwake yeye hizo hazikuwa hadithi za kusimuliwa usiku wa Maulidi. Zilikuwa sheria za kazi yake ya siku ile.

Kumbukeni pia kwamba hayo yalikuwa kabla ya Mapatano ya kwanza ya Geneva, yaliyotiwa saini mwaka 1864 kwa ajili ya majeruhi wa vita. Na mapatano maalumu ya Geneva juu ya mateka hayakufanyika mpaka mwaka 1929.

Mwaka 1841 ilitokea habari ambayo ningependa kila mtafutaji aijue. Mwanamke mmoja wa Kifaransa, ambaye mumewe alikuwa ametekwa, alimwendea Askofu Dupuch, askofu wa kwanza wa Algiers, akilia. Askofu akamwandikia Amir kumwomba amwachilie mtu huyo. Amir alikubali, lakini katika jibu lake alimlaumu askofu kwa upole. Ilimpasa, alimwambia, kuwaombea mateka wote wala si mmoja tu. Tena ilimpasa kuwakumbuka Waislamu waliokuwa wamejazwa katika magereza ya Wafaransa. Askofu hakukasirika. Alikwenda akawashughulikia wale Waislamu, na mwaka huo huo mateka wengi wa pande zote mbili wakabadilishwa. Amir akaruhusu pia kwamba padri aje kambini kuwatumikia mateka Wakristo katika ibada zao. Kutoka hapo mapenzi yalianza baina ya watu hao wawili, mmoja sheikh na mmoja askofu, na yakadumu maisha yao yote. Tutaona matunda yake.

Sasa nifike kwenye madoa. Amir aliwapiga pia Waislamu wenzake waliokataa kumtii, na mwaka 1838 aliuzingira kwa miezi mingi mji wa Ain Madhi, makao ya tarika ya Tijania. Jambo ambalo lilimpunguzia nguvu na heshima, na mimi sioni njia ya kulisifu. La pili ni zito zaidi. Aprili 1846, yeye akiwa mbali katika safari za vita, mateka wengi wa Kifaransa waliokuwa kambini mwake karibu na mpaka wa Moroko waliuawa. Mkuu aliyeachwa na kambi, shemeji yake, hakuwa na chakula, alikuwa amezungukwa, na alishindwa kufanya yale ambayo Amir angefanya. Amir alisema kwamba hakutoa amri hiyo, na mwenendo wake wa miaka yote unamshuhudia. Lakini damu ile ilimwagwa katika kambi yake, na historia haikuisahau. Wafaransa nao, miezi kumi kabla ya hapo, yaani Juni 1845, walikuwa wamewasha moto kwenye midomo ya mapango ya Dahra, ambamo kabila zima lilikuwa limejificha, wakafa kwa moshi mamia ya wanaume, wanawake na watoto. Sisemi hili ili kulipunguza lile. Nalisema ili msomaji aone ni katika giza la namna gani mtu huyu alikuwa akijaribu kuiweka taa yake isizimike.

Desemba 1847 nguvu zilikuwa zimekwisha. Moroko ilikuwa imemgeuka, na watu waliobaki naye walikuwa wachache, pamoja na wanawake, watoto na majeruhi. Angaliweza kukimbilia jangwani na wapanda farasi wake hodari, akawaacha hao wengine. Hakufanya hivyo. Alisalimu amri tarehe 23 Desemba kwa sharti moja, kwamba yeye na watu wake wapelekwe Iskanderia au Akka, katika nchi ya Waislamu. Jenerali Lamoricière aliahidi, na mwana wa mfalme wa Ufaransa, mtawala mkuu wa Algeria siku zile, akaithibitisha ahadi hiyo.

Wanafunzi wa chuo ninachofundisha huku ng'ambo, ambao wengi wao ni vijana wenye damu moto, huniuliza mara kwa mara: je, haikuwa heri afe akipigana? Nami huwauliza: kwa faida ya nani? Ruhusa ya kupigana imetolewa kwa ajili ya kuwalinda wanaoonewa. Kama kupigana kwenyewe kumekuwa ndiko kunakowaangamiza, basi anayeendelea kupigana anajitafutia sifa yake mwenyewe. Kuweka silaha chini kwa wakati wake kulimtaka Amir ushujaa mkubwa kuliko kuishika, kwa kuwa shujaa aliyeshindwa hana wa kumshangilia.

Ahadi ya Wafaransa ilivunjwa. Merikebu iliwapeleka Toulon badala ya Iskanderia, na miezi miwili baadaye mfalme akapinduliwa. Serikali mpya ikasema kwamba haikufungwa na maneno ya serikali ya zamani. Wakahamishwa kutoka Toulon kwenda Pau, na kutoka Pau kwenda katika jumba la Amboise, kwenye baridi na unyevu wa mto Loire, ambako watu wake wapatao ishirini na watano, wengi wao watoto na wanawake, walikufa na kuzikwa. Walimwambia kwamba kama atawasamehe ahadi yao na kukubali kukaa Ufaransa, atapewa mali na jumba la fahari. Alikataa, kwani ahadi, alisema, ni yao, na aibu ya kuivunja itakuwa yao.

Na tazama walikuja nani kumtembelea kifungoni! Walikuja maaskari wa Kifaransa waliokuwa mateka wake zamani, kuja kumshukuru. Na Askofu Dupuch aliandika kitabu, kikachapishwa mwaka 1849, kumtetea mbele ya taifa lake na kutaka ahadi itimizwe. Askofu Mkatoliki anamtetea mfungwa Mwislamu mbele ya Wafaransa! Barua moja ya mwaka 1841 ilikuwa imezaa hayo. Hatimaye Oktoba 1852 Louis-Napoléon, mkuu wa dola, alikwenda Amboise mwenyewe akamfungua. Amir alitoa neno lake kwamba hatarudi tena kupigana na Ufaransa katika Algeria. Wao walivunja la kwao. Yeye la kwake alilishika mpaka kufa, hata mwaka 1871, Ufaransa ilipokuwa imepigwa na Prussia na sehemu kubwa ya Algeria ikainuka. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, na wanayo haki ya kuuliza. Lakini huwezi kumsifu mtu kwa kushika ahadi iliyo rahisi tu.

Alikaa Bursa, katika Uturuki, kisha mwaka 1855 akahamia Dameski na kuanza kusomesha katika Msikiti Mkuu wa Bani Umayya. Waalgeria mamia kwa mamia walimfuata huko, wengi wao maaskari wake wa zamani. Hapo, ndugu zangu, mtu angedhani kwamba kisa kimekwisha.

Masika ya mwaka 1860 vita vya Wadruzi na Wakristo Wamaroni viliwaka katika milima ya Lebanon. Vijiji viliteketezwa, na katika Hasbaya na Rashaya Wakristo waliokimbilia ngome za serikali waliuawa humo humo huku maaskari wakitazama. Wakimbizi wakamiminika Dameski. Mjini humo kulikuwa na chuki ya siku nyingi: miaka minne nyuma Sultani alikuwa ametangaza usawa wa raia wote, na Wakristo wengine walikuwa wametajirika kwa biashara na Wazungu, na watu wengi wakalichukulia jambo hilo kama fedheha kwa Uislamu. Amir aliiona hatari ikija. Alimwendea liwali, Ahmad Pasha, zaidi ya mara moja kumwonya. Aliwaandikia wakuu wa Wadruzi. Alisema na makonseli na kukusanya silaha kwa watu wake. Liwali akajibu kwamba hakuna jambo.

Mauaji yalianza kwa kitu kidogo mno. Vijana wa Kiislamu walichora misalaba njiani, katika mitaa ya Wakristo, ili Wakristo wapitapo waikanyage. Serikali ikawakamata baadhi yao na kuwatia minyororo, ikawatoa wafagie mitaa ile ile. Watu walipowaona watoto wao katika hali hiyo, tarehe 9 Julai 1860, waliwafungua kwa nguvu, na umati ukauingilia mtaa wa Wakristo. Nyumba zikachomwa, wanaume wakauawa, wanawake wakachukuliwa. Maaskari wa serikali ama walikaa kimya ama walijiunga na uporaji.

Amir alikuwa na miaka hamsini na moja. Aliwatoa watu wake wenye silaha, pamoja na wanawe, wakaingia katika mitaa inayowaka wakiwaita Wakristo kwa sauti watoke na wafuatane nao. Aliwachukua makonseli nyumbani kwake. Aliwatoa masista wa Kikatoliki na mamia ya watoto wa shule waliokuwa chini yao, wakapita katikati ya umati wakiwa wamezungukwa na Waalgeria wenye bunduki. Wengine hawakuwahi kutoka: watawa wa Kifransisko wanane, na Wamaroni watatu ndugu wa tumbo moja waliokuwa pamoja nao, waliuawa katika nyumba yao ya utawa. Hao Kanisa la Roma liliwatangaza kuwa watakatifu Oktoba 2024.

Umati ulipojua kwamba Wakristo wako kwa Amir, ulikuja mlangoni kuwadai. Akatoka. Aliwaambia kwamba wanalolifanya limekatazwa na sheria ya Mwenyezi Mungu, na kwamba hakuna dini inayomruhusu mtu kumwua asiyempiga vita. Wao wakamcheka, wakamwuliza kama si yeye aliyewaua Wakristo kwa miaka kumi na mitano. Jibu lake ndilo moyo wa maneno yangu yote ya leo. Aliwajibu kwamba wale aliowapiga katika Algeria hakuwapiga kwa ukristo wao; aliwapiga kwa kuwa walikuja na jeshi kuichukua nchi yake. Hawa wa Dameski ni majirani, na wako katika amana. Akawaambia kwamba maadamu askari wake mmoja angali amesimama, hawatawagusa. Kisha akaamuru farasi wake aletwe na watu wake wajitayarishe kwa vita. Umati ukarudi nyuma.

Nyumba ilipojaa hata hapakuwa na pa kuketi, aliwapeleka watu kwa makundi katika ngome ya mji, kila kundi na walinzi wake. Wengi waliogopa kwenda, maana walikumbuka Hasbaya na Rashaya; lakini kwa kuwa walinzi walikuwa wa Amir, walikwenda. Nyumba ikapata nafasi ya kuwapokea wengine. Ndipo akatangaza kwamba atatoa piasta hamsini kwa kila Mkristo atakayeletwa kwake akiwa hai. Akaketi mlangoni pake juu ya mkeka, mfuko wa fedha ubavuni, mchana na usiku, akilala pale pale usingizi wa vipande vipande. Na watu wale wale ambao pengine jana walikuwa wakiua, leo walikuja wakiwashika mkono Wakristo ili wapate fedha. Je, hukumbuki? Hiyo ni ile ile sheria yake ya vitani: zawadi kwa anayeleta mtu aliye hai. Alikuwa ameijaribu jangwani miaka ishirini nyuma, naye alijua kuwa inafanya kazi.

Fujo ilidumu siku nane. Maelfu walikufa, na waliookolewa na Amir, waandishi wengi huwahesabu kuwa zaidi ya elfu kumi. Haifai kusahau kwamba hakuwa peke yake. Katika mtaa wa Midan, wakuu wa Kiislamu wenyeji wa mji waliwalinda majirani zao Wakristo, na huko damu haikumwagika kama kwingine. Fuad Pasha alipofika kutoka Istanbul mwishoni mwa Julai, aliwaadhibu wauaji kwa ukali, na Liwali Ahmad Pasha mwenyewe akapigwa risasi.

Tuzo zikamjia Amir kutoka kila upande, za Ufaransa, za Urusi, za Prussia, za Ugiriki, za Papa wa Roma, na za Sultani. Rais Abraham Lincoln wa Marekani alimpelekea bastola mbili, zawadi njema, ingawa kwangu mimi ni ajabu kidogo kumpa bastola mtu kwa sababu ameokoa roho! Lakini barua niipendayo mimi ni ya Imam Shamil, mpiganaji wa Dagestan, ambaye naye alikuwa mfungwa wa Warusi baada ya miaka ishirini na mitano ya vita. Shujaa huyu mzee, ambaye maisha yake yote alipigana na majeshi ya Kikristo, alimwandikia kumsifu kwa kuitimiza sheria ya Mtume s.a.w. juu ya wale walio katika dhima ya Waislamu. Wenye kujua vita walifahamiana.

Wapo waliosema, na wangali wapo, kwamba Amir alitenda hayo kwa kuwa alikuwa akipokea posho ya Ufaransa, na Ufaransa ilijifanya mlinzi wa Wakristo wa nchi ya Sham. Hoja hii isikilizwe, kisha ipimwe. Mwaka 1841 hakuwa na posho ya mtu. Alikuwa na njaa, na Wafaransa walikuwa wakimwinda. Alivyowatendea wakati huo mateka waliokuwa maadui zake ndivyo alivyowatendea majirani wa Dameski. Mwenyewe alipoandikiwa na Askofu Pavy wa Algiers kumshukuru, alijibu kwamba alichokifanya alikifanya kwa kuitii sheria ya Kiislamu na kwa kuheshimu haki za binadamu. Hakusema kwamba aliwafanyia Wakristo hisani. Alilipa deni. Katika Sura ya Al-Hajj, ambamo wanaopigwa vita wameruhusiwa kujitetea, nyumba za watawa na makanisa na masinagogi yametajwa pamoja na misikiti kuwa mahali pa kulindwa, na misikiti imetajwa mwisho. Hayo Amir aliyajua kwa moyo tangu utotoni.

Sasa niseme nawe, ndugu mpya katika dini. Pengine umetoka katika nyumba ya Kikristo. Mama yako angali akienda kanisani kila Jumapili, na msalaba uko ukutani juu ya kitanda chake. Wewe una bidii ya mtu aliyepata kitu cha thamani, na ulimi wako u mwepesi. Umesikia mauaji ya Dameski yalianza na nini: yalianza na chaki na dhihaka. Vijana wale hawakuwa na nia ya kuua mtu. Walitaka kucheka tu. Unapomdhihaki mama yako kwa msalaba wake, au kukataa chakula chake mbele ya wageni ili uonekane umeongoka, usidhani kwamba hilo ni jambo dogo, wala usidhani kwamba unaitetea dini. Mama huyo yuko katika amana yako kuliko Mkristo yeyote wa Dameski alivyokuwa katika amana ya Amir.

Nawe unayechungulia bado, ambaye umeogopa neno jihadi: usichukue neno langu. Soma habari za mtu huyu kwa waliomwandikia, na wengi wao si Waislamu. Kanali Churchill, Mwingereza, alimhoji mwenyewe Dameski na kuandika maisha yake mwaka 1867. Soma na ya wauaji wa Dameski pia, kwani nao walijiita Waislamu. Kisha jiulize ni nani kati yao aliyekuwa amekisoma Kitabu.

Baada ya mwaka 1860 Amir alirudi katika darasa lake. Alihiji tena, akakaa Makka na Madina kwa ibada. Mwaka 1869 alihudhuria kufunguliwa kwa mfereji wa Suez. Na masomo yake ya tasawufi yakakusanywa katika kitabu kikubwa kiitwacho Al-Mawaqif. Alifariki dunia Dameski mwezi wa Mei 1883, akazikwa karibu na kaburi la Ibn Arabi. Algeria ilipata uhuru mwaka 1962, na miaka minne baadaye mifupa yake ilichukuliwa kutoka Sham, ikarudishwa katika nchi ambayo alikuwa ametoa neno lake kutorudi kupigana ndani yake, ikazikwa katika makaburi ya El Alia, mjini Algiers.